Zipu haifungi, nami nimefunga

BARUA

Bwana asifiwe, Mama.

Naandika usiku watoto wakiwa wamelala, maana mchana sipati nafasi, na pia naona aibu. Nina miaka 32, nimeolewa, tunakaa Manyatta hapa Kisumu. Mungu ametupa watoto watatu: msichana wa miaka 8, mvulana wa miaka 4 na kitinda mimba wa miezi 7 ambaye bado ananyonya. Nauza mitumba ya watoto soko la Kibuye. Kanisani niko kwaya, sauti ya kwanza, tangu sijaolewa.

Kabla ya mimba ya huyu wa mwisho nilikuwa kilo 68. Mwezi uliopita yule kijana mwenye mizani pale stendi alinipima, nikampa shilingi kumi, ikasoma 89. Nikampa kumi nyingine anipime tena, nikidhani mizani ni mbovu.

Sare zetu mpya za kwaya zilishonwa kwa vipimo vya kabla sijapata mimba. Siku ya kuzijaribu, dada wawili walinivutia zipu, mmoja akaniambia nitoe pumzi yote. Ilipanda mpaka kiunoni, kisha nikasikia kitambaa kikichanika. Watu wakacheka. Kiongozi wetu, mama ninayemheshimu sana, akasema mbele ya wote, "Dada, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu haliachwi likafura hivi." Akaongeza kwamba atakayekuwa hatoshi kwenye sare siku ya mkutano wa injili ataketi na washirika wengine.

Tangu siku hiyo nakaa viti vya nyuma, nimevaa dera. Nilitangaza kwa mume wangu na kikundi chetu cha maombi kwamba nafunga siku 21 kuombea biashara. Ukweli ni kwamba nataka kukonda. Nakunywa maji tu mpaka saa moja jioni, halafu naonja kidogo nikipika. Wakiketi kula, mimi naenda kuosha vyombo ili nisikae karibu na chakula. Usiku nakunywa majani ya kupunguza tumbo niliyouziwa sokoni, pakiti haina hata jina, nayo hunipeleka chooni mara tatu au nne. Leo ni siku ya 14. Nimepunguza kilo 5.

Lakini Jumanne giza liliniingia machoni nikiwa sokoni, nikashika mti wa kibanda nisianguke. Maziwa yamepungua, mtoto analia usiku. Mama mkwe kule Siaya ananiambia nimependeza, kwamba mwanawe ananitunza. Mume wangu hasemi kitu. Nikimuuliza anajibu, "Wewe ni mama sasa," na sijui kama hilo ni zuri au baya.

Jana nilimkuta binti yangu mbele ya kioo. Ameinua fulana, amevuta tumbo ndani mpaka mbavu zinahesabika. Akaniuliza, "Mama, hivi ni sawa?" Usiku hakumaliza ugali.

Mama, kunenepa ni dhambi? Na kutaka kupendeza je? Nimalizie hizi siku 7 zilizobaki, au nimeshamdanganya Mungu?

Mwimbaji wa Manyatta

JIBU

Mwanangu, asifiwe Bwana.

Kabla hujasoma zaidi, nenda jikoni. Kama kuna uji, pasha. Kama kuna kipande cha ugali kilichobaki, kula na chochote ulicho nacho. Unywe maji pia. Mengine yatakungoja.

Nakuambia hivyo kwa sababu ya Eliya. Katika 1 Wafalme 19 anaketi chini ya mretemu, amechoka, anaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale, na pale kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na maneno yale yale, inuka, ule, akaongeza kwamba safari ni kubwa kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye sana, kule Horebu. Mungu alimlisha mtumishi wake kwanza, mazungumzo yakafuata. Barua yako imeandikwa na mtu mwenye njaa, na mtu mwenye njaa hujihukumu vibaya.

Sasa nikujibu la mwisho kwanza, maana ndilo lenye haraka. Usimalizie hizo siku 7. Leo ndiyo mwisho. Nimekuwa muuguzi wa akina mama na watoto kwa miaka mingi, na mwili unaonyonyesha nauheshimu kama mtu anavyouheshimu mtambo mkubwa: unahitaji kalori kama 500 zaidi kila siku, na maji mengi, ili maziwa yapatikane. Umeunyima chakula mchana kutwa, kisha usiku ukautoa maji kwa yale majani. Mengi ya majani yanayouzwa kwa kazi hiyo ni sanamaki, majani ya kuharisha, au jamaa zake. Hayachomi mafuta hata kidogo. Yanauchokoza utumbo utoe maji na chumvichumvi, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaitegemea ili upige sawasawa. Hilo giza la Jumanne halikuwa jaribu la shetani. Na nyingi kati ya hizo kilo 5 ni maji, yatarudi ukianza kunywa vizuri. Yakirudi usishtuke.

Kesho usifungue kibanda. Nenda kliniki na mtoto na kile kijitabu chake. Yeye apimwe uzito, waone kama mstari wake bado unapanda. Katika miezi 7 anahitaji pia uji mzito, mboga zilizopondwa, samaki aliyetolewa miiba vizuri, pamoja na titi. Wewe upimwe presha, damu na sukari, na uwaambie ukweli kuhusu majani. Ukisikia moyo unakimbia au ukianguka, usingoje kesho.

Kuhusu kumdanganya Mungu, mwanangu, yeye alijua tangu siku ya kwanza. Hukumshangaza. Uliowaficha ni wenzako wa maombi, na kwa hilo mtafute mmoja unayemwamini umweleze. Si lazima usimame mbele ya wote. Kufunga ni kitu kitakatifu, mimi mwenyewe hufunga, ndiyo maana sipendi kukiona kikigeuzwa kiboko cha kuuchapa mwili. Isaya 58 inaeleza saumu anayoipenda Bwana, na ndani yake kuna kumgawia mwenye njaa chakula chako. Ndani ya nyumba yako mwenye njaa ni huyo wa miezi 7. Ukila, yeye anashiba. Kwa mama anayenyonyesha, sioni saumu bora kuliko hiyo.

Sasa tufungue lile andiko ulilopigwa nalo.

"Mwili wenu ni hekalu la Roho Mtakatifu" ni 1 Wakorintho 6:19. Soma kuanzia mstari wa 12 na usiruke. Paulo anawaandikia watu wa Korintho waliosema kwamba wanachofanya na miili yao hakimhusu Mungu, na walikuwa wakienda kwa makahaba. Hoja yake ni zinaa. Hakuna kiuno pale, hakuna kilo, hakuna zipu. Tumelichukua neno lililoandikwa kumwambia mtu kwamba mwili wake una thamani kubwa mno kuuzwa, tukaligeuza fimbo ya kumwaibisha mzazi aliyetoka kujifungua. Nimesikia likitumiwa hivyo mara nyingi, kwenye vikao vya akina mama, hata jikoni wakati wa harusi, na kila mara linaniuma.

Endelea mpaka mstari wa 20. "Mlinunuliwa kwa thamani." Bei imeshalipwa, mwanangu. Ililipwa ukiwa mzima mzima, na ilikuwa ile ile ulipokuwa kilo 68. Tena hekalu lilikuwa takatifu kwa sababu ya aliyekaa ndani. Upana wa kuta haukuongeza wala kupunguza kitu.

Ulafi ni dhambi, hilo silifichi. Ila mlafi anaweza kuwa mwembamba kama ufito, na mtu mnene anaweza kuwa amegawa sahani yake kila siku ya maisha yake. Kutazama mwili wa mtu ukajua dhambi zake ni jambo ambalo hata Samweli, nabii mzima, alikatazwa alipowaona wana wa Yese akavutiwa na kimo cha Eliabu.

Nikukumbushe jambo ambalo wewe ulikuwa mtoto hulijui. Nilianza kazi hapa Kisumu mwaka 1996. Ukimwi ulikuwa umetukaba koo, na dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijafika kwa watu wa kawaida. Miaka ile kukonda ndiko kulikokuwa aibu. Nimewavua kina mama sweta mbili walizovaa chini ya gauni, katika joto hili letu, ili waonekane wamejaa wakipita sokoni. Nimemshika mkono mmoja aliyelia kwa furaha kwa sababu jirani alimwambia amenenepa. Kwa hiyo mama mkwe wako akikuambia umependeza, anasema kutoka moyoni. Amezika watu waliokonda. Kiongozi wako wa kwaya naye ameokota kipimo kingine, cha picha za simu na cha mabango. Vipimo vya watu vinahama, kila kizazi na chake, na katikati kuna mwanamke anayevutiwa zipu huku wenzake wanacheka.

Lakini nisikudanganye kwa kukubembeleza. Kilo 21 juu ya zile ulizozoea ni mzigo kwa magoti, na presha na sukari ziko nyingi katika miji yetu. Kwa hiyo ndiyo, utunze mwili. Waefeso 5:29 inasema hakuna mtu anayeuchukia mwili wake, bali huulisha na kuutunza, kama Kristo anavyolitendea Kanisa. Angalia maneno aliyochagua Paulo: kuulisha, kuutunza. Na katika Wakolosai 2:23 anasema wazi kwamba kuutawala mwili kwa ukali huonekana kama hekima, ila hakufai kitu.

Hukuniambia unapanga uzazi kwa njia gani. Kama ni sindano ya miezi mitatu, fahamu kuwa baadhi ya wanawake huongezeka uzito nayo. Usiiache kimya kimya ukapata mimba ya nne hujajipanga. Waulize kesho hiyo hiyo kliniki, njia nyingine zipo. Na kama tumbo linachongoka katikati unapoinuka kitandani, hiyo ni misuli iliyoachana wakati wa ujauzito. Hakuna njaa inayoirudisha. Waombe wakuelekeze kwa mtaalamu wa viungo, na usianze yale mazoezi ya kulala chali na kuinuka-inuka kabla hajakuona.

Chakula chetu cha kando ya ziwa hakina ubaya. Samaki wa omena na ngege, mboga za osuga, dek na apoth: mtu akila hivyo na ugali wa kiasi chake ametunza mwili kuliko mwenye pakiti za sokoni. Tazama zaidi vile vidogo visivyohesabiwa. Sukari vijiko vitatu kwenye kila kikombe, na vikombe ni vinne. Mandazi ya saa nne sokoni kwa sababu asubuhi hukupata kitu. Soda baada ya ibada. Makombo ya watoto unayomalizia saa tatu usiku umesimama, kwa kuwa kutupa chakula ni dhambi. Ukinywa uji mzito asubuhi kabla ya kutoka, nusu ya hayo yatakufa yenyewe. Na utembee. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 kwa wiki za mwendo unaotia joto, nazo ni kama nusu saa siku tano. Shuka boda kabla ya Kondele, umalizie kwa miguu. Uzito utashuka polepole, na mwili unaonyonyesha haupendi kukimbizwa.

Kutaka kupendeza si dhambi. Bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora anasema mwenyewe kwamba ni mweusi na ana uzuri, wala hakuna anayemkemea. Paka mafuta yako, funga kilemba chako vizuri. Ila yasiwe malipo ya kuruhusiwa kuonekana.

Sare ipeleke kwa fundi. Hili lilinipa hasira kidogo, nakiri. Geuza gauni ndani nje, tazama mshono wa ubavuni: fundi mzuri huacha akiba ya kitambaa upande huu na upande ule. Afungue hapo. Ikikosekana, aongeze kipande chembamba chini ya kwapa mpaka nyongani, mikono ikishuka hakionekani. Ni kazi ya mchana mmoja. Mwili uliokwisha kubeba watoto watatu haukatwi uenee kwenye vipimo vya mwaka juzi.

Kisha umwendee kiongozi wako, ninyi wawili tu, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Mwambie, "Mama, yale maneno yaliniumiza, na nimekosa kula kwa ajili yake." Simama hapo, usieleze sana. Huenda hajui alichofanya. Huenda naye ana kioo chake nyumbani. Akishikilia kwamba sauti ya kwanza inahitaji kiuno fulani, mchungaji wako ajue.

Mume wako sidhani anakudharau. Wanaume wengi wa kwetu husema "wewe ni mama" kwa maana ya heshima, kisha hawajui waongeze nini. Muulize waziwazi kama anakuona. Umpe muda wa kujibu.

Nimelisogeza la binti yako mpaka hapa kwa sababu ndilo lililonizuia kulala.

Ana miaka 8. Hakuna aliyemhubiria. Hakuwa kwenye chumba cha kwaya. Alichoona ni mama yake akipakua, akiondoka, akisimama kwenye karai mgongo umewapa. Akaona dera, akaona kioo kikikwepwa. Akajumlisha. Watoto wa miaka hiyo hujumlisha haraka kuliko tunavyodhani, na jibu walilolipata hulishika miaka mingi. Nimewauguza wasichana wa kidato cha pili walioanza hivyo hivyo, kwa kuvuta tumbo ndani na kubakiza ugali.

Usimwitie kikao. Usimwambie "wewe ni mzuri" kisha ukaondoka. Akikuuliza tena kama hivi ni sawa, mwambie aachie tumbo, apumue. Mwonyeshe na lako. Ndiyo, lenye michirizi. Mwambie hapa ndipo ulipokaa, na ndugu zako wakakaa. Bwana wetu alipofufuka alikuwa na mwili mpya, na bado alama za misumari zilikuwapo; Tomaso aliambiwa azitazame na kuzigusa. Kama yeye hakuona haya na alama za upendo wake, sioni kwa nini wewe uzifiche za wako mbele ya mtoto aliyezitia.

Na mwili huo wenye makovu ulifanya nini? Yohana 21, alfajiri, kando ya ziwa. Wavuvi wamekesha bila kitu. Yeye amewasha makaa, ameweka samaki juu yake na mkate, harufu ambayo mtu yeyote wa Dunga, ufuo wetu wa wavuvi, anaijua. Akawaambia, "Njoni mfungue kinywa."

Basi jioni ya leo ukishaivisha, pakua sahani nne, si tatu. Keti karibu na binti yako, ule mpaka ushibe, naye akuone. Vyombo vitaoshwa baadaye.